Duka la vyakula la umma jijini Mbeya: usafi umepata msimamizi, paa halikumpata

Jijini Mbeya kuna duka la vyakula linalomilikiwa na kuendeshwa na taasisi ya umma, ambalo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kununua, na ambalo kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa sana na wakazi wa Soweto, Mafiati na Mwanjelwa, baadhi wakilisifu na baadhi wakililaumu. Nimelifuatilia kama mteja, na pia kama mtu aliyefanya kazi ya ugavi serikalini, kwa hiyo jicho langu huangukia mambo ambayo wateja wengi huyapita: nani amezipanga bidhaa zile kwenye shelfu, nani amepiga deki, nani aliezeka paa lile, na zaidi ya yote, nani aliweka saini kwamba kazi imekamilika na anayedai alipwe. Sitalitaja duka hilo kwa jina, kwa sababu ninachokitathmini hapa ni usimamizi wa kazi za wazabuni na makandarasi, na nia yangu ni kazi hiyo irekebishwe bila mtumishi yeyote kuvunjiwa heshima.

Kwa upande wa bidhaa sina la kurefusha. Mchele wa Kyela na ule wa Mbarali unapatikana kwa wingi na umetenganishwa, jambo ambalo sokoni halifanyiki kila mara, na bei yake iko chini kidogo ya ile ya Mwanjelwa. Maharage yamechambuliwa, chai ya Rungwe na ya Mufindi ipo, viazi vya Uporoto huletwa asubuhi, na maziwa ya Iringa na Njombe hayakosekani. Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijapitwa na wakati, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hutolewa bila mteja kuiomba.

Wazee wa mkoa huu wanayakumbuka maduka ya umma ya zamani: kampuni za biashara za mikoa, ambazo kila mtu aliziita RTC, na maduka ya vijijini yaliyofunguliwa kwa kasi wakati wa Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shida ilikuwa bidhaa zenyewe. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza kama sakafu ni safi au kama gunia limewekwa juu ya chaga. Leo mteja akiona uchafu katika duka la umma anavuka barabara tu na kuingia kwa mfanyabiashara binafsi, ambaye naye ana mchele wa Kyela. Duka la umma la sasa, kwa hiyo, linaishi au kufa kwa ubora wa kazi inayofanyika ndani yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi tena na watumishi wa taasisi yenyewe. Usafi na upangaji wa bidhaa umekabidhiwa kampuni moja, ulinzi kampuni nyingine, na stoo mpya pamoja na chumba cha ubaridi vilijengwa na mkandarasi aliyekwisha kuondoka.

Nianze na usafi na upangaji, kwa kuwa hapo ndipo duka hili linapostahili sifa kamili. Taasisi imemteua mtumishi wake mmoja, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi katika utunzaji wa ghala, kuwa msimamizi wa mkataba huo, na hafanyi kazi hiyo akiwa ofisini. Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wateja, huzunguka duka zima akiwa na fomu yake na kalamu. Nilipomwomba ruhusa ya kutazama anavyofanya alinikubalia bila kusita, na nilichokiona kilinifurahisha. Alifika kwenye shelfu ya maziwa ya pakiti, hakuzigusa zile za mbele, akapitisha mkono hadi nyuma kabisa, akatoa pakiti moja na kusoma tarehe, kisha akatoa ya mbele na kuzilinganisha. Ile ya nyuma ilikuwa na muda mfupi zaidi uliobaki kabla ya kuharibika. Aliyepanga alikuwa amesukuma mzigo wa zamani nyuma na kuweka mpya mbele, kwa sababu ndiyo njia rahisi kwa mtu mwenye haraka.

Msimamizi hakuwafuata vijana waliopanga. Alimwita kiongozi wa zamu wa kampuni na kumwambia kwa upole, “Baba, hizi za nyuma ndizo zinazowahi kuisha muda, zilitakiwa zitangulie mbele. Shelfu hii naiandika kama ilivyo, halafu nitairudia mkishamaliza kuigeuza.” Yule kijana akajibu, “Sawa mama, zitageuzwa sasa hivi,” na kwa kweli ziligeuzwa. Ila kasoro ilibaki kwenye fomu, na hapo ndipo ulipo uzito wa utaratibu wao. Kasoro iliyorekebishwa hapo hapo huandikwa pia, pamoja na saa iliyoonekana na saa iliyorekebishwa, na fomu hizo zote huambatanishwa na ankara ya kampuni mwisho wa mwezi. Mhasibu halipi mpaka azione. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika mikataba ya huduma msemo huo ni wa kweli zaidi kuliko hata katika biashara, kwa sababu huduma ya jana haiwezi kuhesabiwa leo kama magunia. Sakafu iliyokuwa chafu saa nne asubuhi na ikasafishwa saa tisa alasiri haiachi ushahidi wowote usipokuwa ule ulioandikwa.

Niliiangalia pia fomu yenyewe, na ubora wake unatokana na jinsi hadidu za rejea zilivyoandikwa tangu mwanzo. Mikataba mingi ya usafi niliyowahi kuishika serikalini ilisema tu kwamba mzabuni “atahakikisha mazingira yanakuwa safi wakati wote,” maneno ambayo hayapimiki na ambayo humwacha msimamizi akibishana na mzabuni kila mwezi. Hapa imeandikwa kwamba sakafu yote iwe imepigwa deki na kukauka kabla ya kufungua, kwamba chini ya majokofu na mafriza papitishwe brashi ndefu kila wiki, kwamba choo cha wateja kikaguliwe kila saa na aliyekikagua aweke saini mlangoni, na kwamba isipatikane bidhaa hata moja iliyopita muda wake kwenye shelfu. Msimamizi hakagui shelfu zote kila siku, jambo ambalo mtu mmoja haliwezi. Huchagua chache bila kuitaarifu kampuni, na hubadilisha saa ya kupita, hivyo vijana hawawezi kuandaa eneo moja kwa ajili ya macho yake.

Utaratibu wa namna hii unafanya kazi hata katika nchi nyingine. Nchini Marekani serikali inaendesha maduka ya vyakula kwa ajili ya wanajeshi na familia zao kupitia wakala uitwao Defense Commissary Agency, ulioanzishwa mwaka 1991, ambapo bidhaa huuzwa karibu na bei ya kununulia na mteja huongezewa asilimia 5 inayokwenda kwenye ujenzi na ukarabati wa maduka hayo. Huko pia kazi za kupanga bidhaa na kusafisha mara nyingi hupewa makampuni, na mtumishi wa serikali huteuliwa kufuatilia kama matokeo yanalingana na mkataba, bila kujigeuza kuwa bosi wa vibarua wa kampuni. Mpaka huo ni wa muhimu sana. Mtumishi wa umma akianza kuwaamuru moja kwa moja vijana wa mzabuni, leo atawaambia wapange shelfu, kesho wapakue mizigo isiyo ya mkataba, keshokutwa waoshe gari la mkubwa, na siku sakafu ikikutwa chafu mzabuni atakuwa na jibu la haki kwamba watu wake walitumwa kazi nyingine. Mama yule anaujua mpaka huo na anauheshimu.

Sasa niende upande wa pili wa duka hilo hilo, upande ambao umenisikitisha.

Stoo mpya na chumba cha ubaridi vilipokelewa kutoka kwa mkandarasi mwezi Juni. Yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua Juni ni mwezi gani: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila idara inahangaika kulipa kabla ya kufunga, na hati za kupokea kazi zinawekwa saini kwa kasi isiyoonekana katika miezi mingine kumi na moja. Kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini kuna tatizo la ziada ambalo sijasikia likizungumzwa inavyostahili. Juni ni mwezi wa kiangazi na ni mwezi wa baridi kali. Mvua zimekwisha kukatika, nazo hazitarudi hadi Novemba. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Maana yake ni kwamba paa linapokelewa wakati hakuna tone la kulijaribu, na chumba cha ubaridi kinapokelewa wakati ambao hata jiko la nyumbani kwetu ni la ubaridi. Kazi zote mbili zilionekana nzima, na kwa siku zile hakuna kilichokuwepo cha kuonyesha vinginevyo.

Oktoba ilipofika, jua likapanda, na duka likajaza chumba kile kuku, samaki wa Ziwa Nyasa na siagi, ukweli ukajitokeza. Nimesimama mbele ya mlango wake. Kioo kidogo cha nje kilionyesha nyuzi 4, kiwango kinachokubalika kwa chakula kinachohifadhiwa bila kugandishwa, lakini kipimajoto ambacho mtunza stoo alikining'iniza ndani karibu na mlango kilisoma nyuzi 9. Kifaa kinachotuma taarifa kwenye kioo kimefungwa jirani kabisa na mdomo wa feni inayotoa hewa baridi, kwa hiyo kinapima hewa iliyotoka kwenye mashine na hakipimi hali ya samaki waliopangwa upande wa mlango. Nilichukua karatasi, nikaiweka kati ya mpira wa mlango na fremu, nikafunga, kisha nikaivuta. Ilitoka bila kukwama hata kidogo katika upande wote wa chini. Mlango unaoziba sawasawa huishika karatasi. Kwenye friza ya mauzo pia niliona mifuko ya kuku yenye chembe za barafu ndani na vipande vilivyogandamana kuwa pande moja, dalili kwamba nyama iliwahi kuyeyuka ikagandishwa tena. Nilimwonyesha msimamizi wa zamu, naye mifuko hiyo aliiondoa mbele yangu, jambo ninalompongeza kwalo.

Paa la stoo lina hadithi inayofanana. Ukiingia mchana na taa zikiwa zimezimwa, unaona vitundu vya mwanga kwenye mabati, na ukivifuatilia unagundua kwamba misumari mingi imepigwa kwenye bonde la bati mahali pa mgongo. Maji ya mvua hupita bondeni; msumari uliopigwa hapo umepigwa kwenye njia ya maji, na mpira wake ukichakaa kidogo tu, maji yanaingia. Mvua za kwanza za Novemba ziliacha duara la kahawia kwenye dari, juu ya chaga za unga na mahindi. Watunza stoo wamesogeza viroba na kutandaza turubai, lakini turubai ndani ya stoo mpya ni aibu kwa aliyesaini.

Ninalisisitiza hili la mahindi kwa sababu unyevu katika nafaka ni suala la uhai. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na nafaka inayolowa kisha ikafungiwa kwenye joto ndiyo mahali ambapo kuvu wa sumukuvu hustawi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Huwezi kuiona kwa macho, huwezi kuiondoa kwa kupika, na mama anayenunua kiroba cha unga kwa ajili ya uji wa mtoto hana namna ya kujua kwamba gunia lililosagwa lilikaa chini ya msumari uliopigwa vibaya. Tangu majukumu ya usalama wa chakula yalipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, wakaguzi wa shirika hilo na maafisa afya wa halmashauri wana mamlaka ya kuingia katika maghala kama haya, lakini mkaguzi wa nje huja kwa nafasi. Mwenye stoo ndiye anayelala nayo.

Kwa nini basi taasisi ile ile, yenye mama makini kiasi kile kwenye shelfu, ilipokea paa na chumba cha ubaridi vya namna hii? Jibu nililopewa lilinyooka. Mkataba wa usafi unasimamiwa na mtu aliyepo dukani, ambaye anaathirika na uchafu. Mkataba wa ujenzi ulisimamiwa na mtaalamu wa makao makuu, mkoa mwingine, aliyekuwa na miradi mingi mikononi na aliyekuja kwa ziara za saa chache. Watunza stoo hawakuulizwa kitu. Kamati ya kupokea kazi ilipopita, wajumbe walitembea, wakawasha mashine, wakaona kioo kinaonyesha nyuzi sahihi katika chumba kitupu, wakasaini.

Tatizo hapa halikuwa uhaba wa sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, na NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka huo huo, vimeweka mchakato wa zabuni mahali panapoonekana zaidi kuliko zamani, na ninaamini vimesaidia. Lakini mfumo wa kompyuta unaishia mlangoni mwa stoo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia hoja ya vitu kupokelewa bila kukaguliwa ipasavyo, na hoja hiyo itaendelea kuandikwa mradi anayesaini hatakiwi kueleza alipima nini.

Na kupima kungewezekana hata Juni. Paa hujaribiwa kwa mpira wa maji: mtu mmoja anapanda juu na kumwagilia sehemu kwa sehemu, kuanzia chini kwenda kwenye kofia, mwingine anakaa ndani na chaki akiweka alama kila panapodondoka. Ni kazi ya nusu siku na haihitaji mhandisi kutoka mbali. Chumba cha ubaridi hujazwa madumu ya maji ya vuguvugu kwa wingi unaokaribia mzigo halisi, vipimajoto vinawekwa pembe zote nne na karibu na mlango, na usomaji unaandikwa kila saa usiku na mchana ili ionekane mashine inachukua muda gani kushusha joto na inapumzika mara ngapi. Mashine isiyopumzika kabisa katika baridi ya Juni haitaweza Oktoba. Mtunza stoo angetakiwa awepo na aweke saini yake kando ya ile ya mhandisi, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na kazi hiyo baada ya wote kuondoka.

Bahati nzuri, mambo hayajaharibika kabisa. Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha, na nusu ya fedha iliyozuiwa kutoka malipo ya mkandarasi bado iko mikononi mwa taasisi. Hiyo ndiyo nguvu iliyobaki. Nimeambiwa barua ya kasoro imeandikwa, ila inasema “paa linavuja” na “chumba hakipoi vizuri.” Barua ya namna hiyo inajibiwa kwa ziara ya fundi mmoja mwenye kopo la gundi. Inatakiwa itaje idadi ya misumari iliyopigwa bondeni kwa kila safu ya mabati, iambatanishe picha na usomaji wa kipimajoto cha ndani, na iweke tarehe ya mwisho, ili mkandarasi asipotokea taasisi iweze kumweka fundi mwingine kwa gharama ya fedha ile iliyozuiwa.

Haki inataka niseme pia jambo kwa niaba ya wazabuni. Kampuni ya usafi ilikuwa imecheleweshewa malipo nilipozungumza na kiongozi wake wa zamu, na vijana wake walikuwa wakikopeshana nauli ya daladala kutoka Iyunga na Uyole. Msimamizi mkali anaweza kudai kazi bora kwa moyo mweupe pale tu ambapo kazi iliyokubaliwa inalipwa kwa wakati. Taasisi ikichelewa, fomu zile nzuri hugeuka kuwa fimbo, na mzabuni mwenye uwezo hataomba tena zabuni ijayo. Atabaki yule anayeweza kuvumilia kwa kuwanyonya vibarua wake. Uongozi uliniambia malipo hayo yako njiani. Ningependa kusikia kwamba yamefika.

Kwa mteja anayetaka kujua aende au asiende, mapendekezo yangu ni haya. Mchele, maharage, chai, sukari na bidhaa zote za shelfu nunua bila wasiwasi, na maziwa ya pakiti pia, kwa kuwa hayo yana msimamizi. Kuku na samaki viache mpaka mlango wa chumba kile ubadilishwe mpira na kifaa cha kupimia kihamishwe kinapostahili. Unga na mahindi vya stoo mpya uliza vilihifadhiwa upande gani. Watunza stoo wanajibu kwa uaminifu. Ukikuta kasoro yoyote, usiishie kumgombeza kijana anayepiga deki. Muulizie msimamizi wa mkataba, mpe maelezo kwa maandishi pamoja na nakala ya risiti na saa uliyoiona kasoro hiyo, kwa sababu karatasi hiyo inaingia kwenye jalada linalofunguliwa siku ankara ya kampuni inapowasilishwa, na malalamiko ya mdomo hayaingii.